Sekunde Kumi na Moja za Boston

Irwin Plotkin alikuwa mkaguzi wa lifti. Kwa miaka thelathini na mmoja watu wa New York walipanda na kushuka salama kwa sababu ya sahihi yake, na jambo hilo halikumpa kiburi hata chembe. Kiburi chake chote alikuwa amekiweka kwenye wimbo mmoja uliokatwa.

Tusifichane, maana sisi wenye ugonjwa huu tunajuana. Mtu mwenye akili zake akipenda mchezo wa nyimbo hukata tikiti, akaenda ukumbini, akalia panapoliza, akacheka panapochekesha, kisha akarudi nyumbani kula. Irwin hakuumbwa hivyo. Mchezo alioupenda uliitwa Kiwanda cha Vifungo, na waliupenda watu wengine wasiohesabika, lakini zile nyimbo zake kumi na sita ambazo hata wapwa zake waliziimba bafuni hazikumshughulisha sana. Alichokipenda ni wimbo wa kumi na saba, ambao haumo.

Mwaka 1971 mchezo ulipelekwa Boston kujaribiwa, kama ilivyokuwa desturi, ili watu wa kule wautukane kwanza kabla New York haijapata nafasi. Kule ulikuwa na wimbo uitwao "Kijiko cha Tatu". Uliimbwa mara nne. Asubuhi ya siku ya tano ukakatwa, karatasi zake zikapotea, mtunzi akafa bila kuutaja tena, na mchezo ukaja New York ukapigiwa makofi miaka miwili bila yeyote kugundua kwamba kuna kitu kimepungua. Irwin naye hakugundua. Wakati huo alikuwa na miaka minane na shughuli yake kubwa ilikuwa kukusanya vifuniko vya soda.

Kilichobaki duniani ni kanda moja. Daktari wa meno wa Boston alikaa roshani ya juu siku ile ya nne, mashine ya kurekodi ameificha ndani ya koti, akaiba mchezo mzima kuanzia pazia la kwanza hadi la mwisho. Kanda hiyo ilipita mikono mingi kabla Irwin hajaipata mwaka 1995, kwa kubadilishana na kanda nyingine tisa na mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa mkewe.

Na sasa wimbo wenyewe. Mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda, anaandaa meza ya chakula. Binti yake ameondoka asubuhi ile kwenda kuishi mbali na hatarudi, lakini mama hamtaji. Anahesabu vijiko tu.

Kijiko cha kwanza ni cha baba yako,
kina alama ya jino lake.
Kijiko cha pili ni changu mwenyewe,
nikikipoteza nitakula kwa mkono.
Kijiko cha...

Hapo sauti inasimama, na muziki unasimama nayo. Sekunde kumi na moja. Kisha mama anasema "tatu", kwa sauti ndogo kabisa, na anakirudisha kijiko kabatini kisije kikashika vumbi, na wimbo umekwisha.

Irwin aliposikia mara ya kwanza alikuwa peke yake jikoni, anamenya yai. Zilipofika zile sekunde kumi na moja alilia mpaka yai likalowa. Hakuwa na binti, wala hakuwa na mtu aliyemwacha, wakati huo. Lakini alimwelewa yule mama asiyeweza kutamka tatu, maana akiitamka atakuwa amekubali. Ukimya huo, Irwin alisema baadaye kwa kila mtu aliyekosa njia ya kutoroka, ndio kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufanywa kwenye jukwaa la nchi hii, na waliukata.

Aliandika makala juu yake. Kurasa arobaini, zikiitwa "Sekunde Kumi na Moja", zilizochapishwa kwa awamu nne katika jarida la Jumuiya ya Nyimbo Zilizokatwa, ambalo lina wasomaji thelathini na wanne, kumi kati yao wakiwa na matatizo ya macho. Kila mgeni aliyekuja kula kwake alikalishwa kwenye sofa, akaambiwa afumbe macho na asitafune. Mkewe, Maxine, alivumilia miaka sita. Siku aliyoondoka alisema jambo moja tu, kwamba amechoka kunyamazishwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Irwin alikuwa akiisimulia habari hiyo yeye mwenyewe, na kwa madoido. Alijua kwamba ni kichekesho, na siku zote alikuwa wa kwanza kujicheka, ili wengine wakifika wakute kazi imeshafanyika.

Jumuiya yetu hukutana Jumatatu, siku ambayo kumbi hazichezi, katika chumba cha chini cha kanisa moja upande wa magharibi. Mwenyekiti ni Rosalba Iannuzzi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa kukatia nyama. Irwin alikuwa mtunza kanda, na katika cheo hicho alikuwa mkali kuliko askari wa forodha. Kanda, alisema, haiguswi. Ukikuta mtu amekohoa mwaka 1958, kikohozi hicho ni mali ya historia. Kuna mwanachama mmoja, Schuyler Pratt, aliyepeleka kanda kwa fundi ikaondolewa mlio wa king'ora cha zima moto katikati ya wimbo wa mapenzi. Irwin alisimama mbele ya wote akasoma mashtaka, na Pratt akafukuzwa uanachama, mzee wa miaka sabini na tisa, akaondoka na sahani yake ya biskuti.

Siku Rosalba alipompigia simu, Irwin alikuwa kazini.

"Irwin, umekaa?"

"Niko juu ya paa la lifti, ghorofa ya ishirini na mbili."

"Basi jishike mahali. Verna Halloran yu hai."

Irwin alijishika. Verna Halloran ndiye aliyeuimba "Kijiko cha Tatu" mara zote nne. Baada ya wimbo kukatwa walimwachia nafasi ya kusimama nyuma na wanawake wengine wa kiwandani, asiimbe peke yake hata mstari mmoja, na mchezo ulipokwisha alitoweka. Irwin alimtafuta miaka mingi, akaandikia vyama na makanisa na mara moja, kwa makosa, fundi bomba wa Ohio.

"Yuko wapi?"

"Englewood, ng'ambo ya mto tu hapo. Nyumba ya wazee anayofanya kazi binamu yangu. Ana miaka themanini na sita, na akili yake inafanya kazi kuliko yako. Maisha yake yote kafundisha watoto wa shule kuimba. Nimemwomba aje Jumatatu ya wiki ijayo, amekubali."

"Anajua kuhusu makala?"

"Nimemwambia kuna bwana mmoja ana jambo la kumwambia kuhusu Boston. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama kutakuwa na keki."

Basi Irwin akawa si mtu tena. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ameubeba wimbo ule peke yake, akichekwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwapo ambaye angeweza kumwambia: ndiyo, Irwin, ilikuwa hivyo ulivyosikia. Wote walikuwa wamekufa. Sasa amebaki mmoja, na anavuka daraja kuja. Alichotaka ni kidogo tu: Verna ausikie ukimya wake, kisha amtazame yeye Irwin, akubali kwa kichwa. Alijua ni kutaka kubembelezwa akiwa na miaka sitini na mmoja, akajicheka mbele ya kioo, kisha akaendelea kujizoeza mbele ya kioo hicho hicho. Alinunua tai ya kijani ambayo muuzaji alimsihi asiinunue.

Jumatatu ikafika. Saa kumi alasiri chumba kilikuwa kimejaa, wanachama wote thelathini na wanne, jambo ambalo halijatokea tangu siku ya kumfukuza Pratt. Rosalba aliingia amemshika mkono kikongwe mwembamba aliyevaa koti la bluu na viatu vya raba, nywele nyeupe amezifunga kwa utepe. Alitembea polepole lakini shingo ameinyoosha, na watu wakasimama bila kuambiwa.

"Kaeni, wapenzi, kaeni," alisema. "Mkinisimamia hivi nitadhani nimekufa."

Wakamkalisha mstari wa mbele, wakampa keki ya jibini. Irwin alimsogelea, akainama kupita kiasi.

"Bi Halloran, mimi naitwa Irwin Plotkin. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye tai, mpenzi. Nani kakufanyia hivyo?"

Watu wakacheka. Irwin alicheka zaidi yao wote, akaenda mbele. Kwenye meza palikuwa na mashine ya kanda, maji, na begi lake. Alizungumza dakika ishirini na tano. Alieleza jikoni, yai, mama asiyeweza kutamka. Alinukuu makala yake mwenyewe mara sita na kila mara akasema "kama ilivyoandikwa mahali fulani". Rosalba, aliyekaa kando ya mgeni, alikuwa akiangalia saa bila kujificha.

"Na sasa," Irwin alisema, "tusikilize."

Akabonyeza. Sauti ya Verna Halloran ya miaka thelathini na mitatu ikajaa chumbani, nzito kidogo, haina madaha. Kijiko cha kwanza, na jino. Kijiko cha pili, na mkono. Yule kikongwe aliacha kutafuna. Kijiko cha... na Irwin akainua kidole juu. Wanachama wote wakainamisha vichwa kwa pamoja, walivyokuwa wamefunzwa. Hakuna kilichosikika, hata pumzi ya mtu. Irwin alifumba macho, kidole kiko hewani. Kwenye sekunde ya kumi na moja alikishusha, na sauti ikasema "tatu".

Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yanamtoka, na alimtazama yule mmoja tu aliyetaka kumtazama.

"Ni nani aliyekufundisha ukimya ule, Bi Halloran?" aliuliza. "Mwongozaji? Mtunzi? Au ulikuwa wako mwenyewe?"

"Ukimya upi, mpenzi?"

"Huo. Kabla ya tatu."

"Aa, hapo." Verna alijifuta mdomo kwa karatasi. "Hapo nilisahau maneno."



"Ulisahau," alisema Irwin.

"Nilisahau. Mara tatu za kwanza niliuimba moja kwa moja, hapakuwa na kusimama kokote. Ya nne nikasahau. Kijiko cha kwanza, kijiko cha pili, mtoto wa chekechea anajua kinachofuata, mimi nikasahau. Kiatu kilikuwa kinanibana, nikawa nawaza kiatu."

Aliyeanza ni Rosalba. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, haikusaidia. Kicheko kikamtoka puani, kikamshika wa nyuma yake, na muda si muda chumba kizima kilikuwa kinavunjika mbavu. Walikuwa wamedaiwa kicheko hicho kwa miaka ishirini na tisa ya kuinamisha vichwa. "Kiatu!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Kurasa arobaini za kiatu!" Mwingine alimwomba Rosalba waongeze awamu ya tano, juu ya soksi. Irwin alisimama pale na tai yake. Safari hii wenzake walikuwa wamemtangulia kucheka, na hakujua afanye nini na uso wake. Aliona aibu, aibu kavu ya mtoto aliyejikojolea darasani.

Kisha aliona kwamba Verna Halloran hacheki.

"Hivyo hivyo," kikongwe alisema. Alisema polepole, lakini aliyewahi kufundisha watoto hahitaji kupaza sauti. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. "Na kule walicheka hivyo hivyo. Kutoka juu, kule roshani. Nimesimama na kijiko mkononi, najikamua kichwa, nasikia huko juu wameanza, fyu fyu fyu, kidogo kidogo, halafu wengi. Kiongozi wa wapiga muziki akanitamkia kwa midomo, nikasema tatu, nikamaliza. Asubuhi yake wimbo haupo. Hakuna aliyeniambia neno, lakini mtu anajua. Wimbo mzuri kama ule, nikauua kwa ajili ya kiatu." Akamgeukia Irwin. "Ndiyo maana nakushukuru, mpenzi. Nimekuja hapa roho mkononi, najua nitasikia kicheko chao tena, nikajiambia, Verna, umeshazeeka, kinaweza kukufanya nini. Na kumbe umekifuta. Umenistiri. Wewe ni muungwana."

"Kukifuta?" Rosalba alijipangusa macho, bado anahema. "Irwin? Afute kitu kwenye kanda? Bi Halloran, huyu hawezi kufuta hata mafua. Kuna mzee tulimfukuza hapa kwa sababu hiyo. Irwin, mwambie."

Wote wakamtazama Irwin.

Kulikuwa na jambo ambalo Irwin hakuwahi kumwambia mtu, wala Maxine, wala daktari wake. Mwaka 1997, miaka minne kabla ya kumsomea Pratt mashtaka, yeye mwenyewe aliipeleka kanda ya Boston kwa fundi mmoja wa Queens. Sekunde zile kumi na moja hazikuwa kimya hata kidogo. Fundi alitoa nakala, akaifanyia kazi siku mbili, na alipomaliza ukimya ulikuwa safi kama chumba cha upasuaji. Ndio huo aliokuwa akiwainamishia watu vichwa. Makala yake yote, kurasa zote arobaini, aliyaandika juu ya kazi ya mikono ya fundi wa Queens.

Na sasa njia ilikuwa nyeupe. Angesema tu, hapana, sikufuta kitu. Bibi ana miaka themanini na sita, kumbukumbu ya mtu hupotea. Au hata asiseme neno, atabasamu tu kiungwana. Jina lake lingebaki na doa la kiatu, ambalo baada ya mwaka mmoja lingekuwa utani wa kawaida, na yeye angekuwa wa kwanza kuusimulia. Bi Halloran angerudi Englewood na keki iliyofungwa kwenye karatasi, ameshukuru, na angekufa akijua kwamba walimcheka.

Irwin alilivuta begi lake karibu.

"Nilifuta," alisema.

Mtu mmoja aliangusha uma.

"Sikia, Irwin," Rosalba alianza.

"Nilifuta, Rosalba. Kabla ya Pratt. Nikaja nikamfukuza Pratt. Mtaniitia kikao, mtanifanya mtakavyo, biskuti zangu nitabeba mwenyewe. Lakini Bi Halloran, nisikilize. Sikufuta kicheko. Hakikuwapo."

"Mimi nilikuwapo, mpenzi. Wewe ulikuwa bado unafungwa kamba za viatu."

"Najua. Lakini wewe umeisikia mara moja, tena kutoka chini, na hofu imekujaa. Mimi nimeisikia labda mara elfu, kutoka kule kule juu, mashine iko ndani ya koti katikati yao. Hakuna aliyecheka."

Alifungua begi. Alikuwa ameileta kanda yenyewe, ya daktari wa meno, akiwa na tamaa ya kuomba itiwe sahihi. Alipapasa kasha, akashindwa kulifungua, na Rosalba akaja akamfungulia bila kusema lolote, ingawa macho yake yalisema mengi. Irwin aliweka kanda, akasogeza mashine mpaka mbele ya magoti ya Verna, akapiga magoti sakafuni, akaongeza sauti hadi mwisho.

Kelele za kanda kuukuu zikajaa, kama mvua kwenye bati. Kijiko cha pili, na mkono. Kijiko cha...

Kiti kikalia. Mtu akakohoa, akajizuia katikati. Halafu, karibu kabisa na mashine, sauti ya mwanamke mtu mzima, ananong'ona: "Tatu." Kimya kidogo. "Tatu, mwanangu. Sema tatu." Mwanamume upande wa pili akaidaka: "Tatu." Na mwingine, na mwingine, safu nzima, kisha safu ya mbele yao, wananong'ona wote, wanajitahidi wasisikike na wanataka asikie, tatu, tatu, roshani nzima ya Boston ikimpa neno lake mtu aliyesimama huko chini na kijiko. Kwa mtu aliye jukwaani lingefika kama mluzi, fyu fyu fyu. Kisha sauti ya Verna ikasema "tatu", na pale juu mtu akashusha pumzi kwa nguvu.

Irwin alizima mashine. Hakuna aliyeinamisha kichwa safari hii.

"Rudisha," alisema Verna.

Akarudisha. Mara ya tatu kikongwe aliinamia mashine mpaka utepe wa nywele ukagusa kifuniko, na mkono mmoja aliukamata ukosi wa koti la Irwin, bila kujua kama ameukamata.

"Miaka hamsini na mitatu," alisema. "Sikuimba tena mbele ya watu wazima. Watoto tu." Halafu akasema, "Huyo mama ni nani?"

"Sijui. Nimekaa naye miaka ishirini na tisa, sijui hata jina lake."

"Na ulimfuta."

"Nilimfuta. Nilimchukia sana. Nilidhani ameharibu ukimya." Irwin alijaribu kucheka, akashindwa. "Hata kwenye makala nilimwandikia ukurasa mzima wa matusi. Halafu nikaona ukurasa huo utanifichua, nikaukata."

"Umeutupa?"

Irwin alitazama kasha. Hakuwa amewahi kutupa kitu alichokiandika, hiyo ndiyo aina ya mtu aliyokuwa. "Umo ndani ya kasha la kanda," alisema. "Nimeukunja."

"Soma."

"Bi Halloran, tafadhali. Sio maneno ya kusoma mbele ya watu."

"Mpenzi, mimi nimesimama mbele ya Boston nzima nimesahau kuhesabu mpaka tatu. Soma."

Akaukunjua, karatasi ya njano, herufi za mashine ya chapa. Alibaki amepiga magoti pale pale kwa sababu goti la kulia lilikuwa limekataa, na akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu yake.

"'Katika roshani ya juu aliketi mwanamke ambaye sitamsamehe mpaka naingia kaburini. Wakati dunia nzima imenyamaza, yeye anaropoka. Hajui sanaa. Hajui ukimya. Hajui hata kwamba hajui, kama ilivyo kawaida ya watu wa Boston.'"

Nyuma mtu alicheka, na Verna akacheka naye, machozi yakimshuka kwenye mikunjo ya mashavu. "Endelea," alisema.

"'Mbele yake anasimama mama mwenye uchungu usiosemeka, na yeye kazi yake ni kusaidia. Nani kamwomba msaada? Yeye ni nani hata amfundishe Verna Halloran kuhesabu? Mtu wa namna hii hukaa ukumbini akiwa na mfuko wa peremende na moyo mwepesi, akiona mtu amekwama hawezi kuvumilia, ni lazima atie neno. Hana haya. Nasema bila kuuma maneno kwamba mwanamke huyu ni...'"

Akakwama. Alijaribu tena, "mwanamke huyu ni", na hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Herufi zilikuwa zimelowa machoni mwake. Chumba kizima kilimsubiri, na sekunde zikapita, na Irwin Plotkin hakuwa na neno.

Verna alivaa miwani, akainama juu ya bega lake, akatafuta mstari kwa kidole.

"Mpumbavu," alimnong'oneza. "Hapo umeandika mpumbavu, mwanangu."

"Mpumbavu," akasema Irwin, na akaendelea kusoma.